Risasi, Shilingi na Kalamu

Mwaka 2009 kiwanda kimoja cha kuyeyusha betri kuukuu mjini Mombasa kilimwajiri Phyllis Omido, mama kijana mwenye mtoto mchanga, ashughulikie uhusiano wake na majirani. Majirani wenyewe walikuwa wakazi wapatao 3,000 wa Owino Uhuru, mtaa wa nyumba za udongo na mabati uliopakana na ukuta wa kiwanda. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuandaa ripoti ya athari kwa mazingira. Ripoti ikasema kiwanda kile hakifai kuwa mahali pale. Ushauri haukufuatwa. Haukupita muda, mtoto wake akashikwa na homa isiyosikia dawa, na baada ya kuhangaika na vipimo vya magonjwa ya kawaida, damu yake ikakutwa na risasi.

Omido aliacha kazi akaanza harakati zilizodumu miaka mingi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Ujasiri wake umeandikwa sana, na anastahili kila sifa. Katika sura hii nataka tuitazame ile ripoti.

Anayeandika ripoti ya namna ile lazima ajue risasi inafanya nini inapoyeyushwa, inatoka kiwandani kwa njia gani na inaingia mwilini kwa njia gani. Lazima ajue nani anapata faida, nani anabeba hasara, na hasara hiyo ni kubwa kiasi gani ikiwekwa katika shilingi. Kisha ayaandike hayo kwa namna ambayo meneja, ofisa wa serikali, jaji na mama anayeanika nguo karibu na dohani ya kiwanda, wote wakisoma au wakisomewa, wapate habari ileile. Hiyo ni kemia, ni uchumi wa mazingira, ni uandishi. Katika vyuo vikuu vyetu vingi mambo hayo yamewekwa katika majengo matatu tofauti, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akibahatika kuyasoma yote huyasoma kama mambo yasiyojuana.

Ipo njia nyingine ya kuanza chuo. Masomo hayo matatu yanaunganishwa kwa muhula mmoja au miwili, chini ya walimu watatu, juu ya jambo moja. Naiamini njia hiyo, na nitaeleza kwa nini, nikitumia risasi kuwa jambo lenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Wazo si jipya. Mwaka 1927 Alexander Meiklejohn alifungua Chuo cha Majaribio ndani ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Wanafunzi wake hawakuchagua kozi. Mwaka wa kwanza wote walisoma Athens ya kale, siasa yake, uchumi wake, fasihi yake; mwaka wa pili wakaisoma Marekani ya siku zao. Chuo kile kilifungwa mwaka 1932. Joseph Tussman alilifufua wazo hilo Berkeley mwaka 1965, nako likafa mwaka 1969. Lilipata makao ya kudumu Olympia, katika jimbo la Washington, ambako chuo cha umma cha Evergreen kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971. Pale mwanafunzi hachukui kozi nne au tano kwa wakati mmoja. Anajiandikisha katika programu moja inayomeza muda wake wote wa masomo, inayofundishwa na walimu wawili, watatu, hata wanne wa fani tofauti, wanaokaa katika darasa moja na kusikilizana. Mwisho hapewi alama za herufi. Walimu wanamwandikia tathmini ya maneno, na yeye pia anajiandikia yake.

Vyuo vikubwa vya Marekani havikuweza kwenda mbali kiasi hicho, vikatafuta njia ya katikati. Chuo Kikuu cha Oregon kilianza mwaka 1982, na Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle kikafuata muda si mrefu, kuwaandikisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa makundi madogo, kila kundi likichukua pamoja kozi mbili au tatu zilizokuwapo tayari. Kundi moja linaweza kuwa na kemia ya jumla, uchumi wa mazingira na darasa la uandishi. Mwanafunzi anaingia ukumbi wa mamia ya watu akiwajua angalau wenzake ishirini, na kwa kijana aliyetoka kwao mara ya kwanza hilo si jambo dogo. Lakini ratiba haiunganishi masomo. Kama mwalimu wa kemia hajui mwenzake wa uchumi anafundisha nini wiki hii, kazi ya kuunganisha imeachiwa mtoto wa miaka kumi na tisa. Wengine wataiweza. Wengi watatoka na alama tatu nzuri na wasione zilivyohusiana.

Kwetu Afrika Mashariki hatukuanza na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kilijadili kwa ukali kama mhandisi au daktari anaweza kuhitimu bila kuielewa jamii atakayoihudumia, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi ya Taaluma za Maendeleo kufundisha somo hilo kwa wanafunzi wa fani zote. Somo bado lipo. Stadi za mawasiliano nazo zipo karibu kila chuo cha Kenya, Tanzania na Uganda, na ni za lazima mwaka wa kwanza. Kwa hiyo saa za kufundishia tunazo. Kinachokosekana ni kitu cha kuwasiliana. Mwanafunzi anafundishwa kuandika aya, kunukuu na kupanga hoja, lakini hapewi jambo analolijua kwa kina kiasi cha kutaka kubishana juu yake. Anaandika juu ya faida na hasara za simu za mkononi. Hapo ndipo somo linapodharaulika, na mwalimu wake anastahili mazingira bora kuliko hayo.

Sasa tuichukue risasi.

Betri ya gari ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 hivi. Katika kila chumba mna bamba za risasi tupu na bamba zilizopakwa dioksidi ya risasi, zikiwa zimezama katika asidi ya salfa iliyozimuliwa, ndiyo mafundi wetu wanaiita maji ya betri. Betri inapotoa umeme, bamba za pande zote mbili hugeuka salfeti ya risasi, na asidi hupungua. Ndiyo sababu fundi huchota maji ya betri kwa haidromita ili ajue chaji iliyobaki: anapima uzito wa majimaji, na uzito unamwambia asidi imebaki kiasi gani. Ukichaji, mmenyuko unarudi ulikotoka. Mwanafunzi akisoma habari ya kupoteza na kupokea elektroni kupitia betri hii, anasoma kemia ileile iliyomo katika silabasi yoyote, bila kupunguziwa hata mlinganyo mmoja. Tofauti ni kwamba ameiona kwa fundi wa mtaani kwao kabla hajaiona ubaoni.

Betri ikifa, kazi inaendelea. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi ina soko, kwa hiyo mnunuzi wa skrepa anaifuata nyumba kwa nyumba. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, wakati chuma kinahitaji nyuzi 1,538. Ndiyo maana mtu mwenye mkaa na sufuria anaweza kuiyeyusha nyuma ya nyumba. Ila sehemu kubwa ya risasi iliyomo katika betri iliyokufa si metali tena. Ni salfeti na oksidi, na hizo hazirudi kuwa metali bila tanuru lenye kaboni na joto la kiasi cha nyuzi 1,000. Katika joto hilo risasi hufuka mvuke, salfa hutoka kama gesi inayochoma koo, na mvuke ukipoa hugeuka vumbi laini ajabu linalopita mahali popote pasipo na vichujio vizuri. Vumbi hilo hutua juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya udongo ambao watoto wanauchezea. Halina harufu. Halioni mpaka wa kiwanja.

Mwilini, chembe ya risasi iliyopoteza elektroni mbili inafanana na ya kalsiamu kiasi cha kuudanganya mwili. Inapita milango ya kalsiamu, inahifadhiwa katika mifupa, na inakaa humo kwa miongo. Mwanamke aliyeivuta utotoni anaweza kumpitishia mtoto akiwa mjamzito au akinyonyesha, mifupa yake inapotoa kalsiamu kumlisha yule mdogo. Risasi huondoa zinki katika kimeng'enya kimojawapo kinachosaidia kutengeneza damu, na mtoto anapata upungufu wa damu usioponywa na mboga za majani. Mbaya kuliko yote, inaingia katika ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wadogo hufyonza risasi wanayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Hapa mwalimu mzuri wa kemia anasimamisha somo na kuwapa wanafunzi hesabu. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2021 unasema mtoto mwenye mikrogramu 5 za risasi katika desilita moja ya damu anapaswa kuchunguzwa, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mtoto wa miaka miwili ana damu ya karibu lita moja. Basi katika damu yake yote mna mikrogramu 50 tu, karibu sawa na uzito wa punje moja ya chumvi ya mezani. Gawanya kwa 207, uzito wa moli moja ya risasi kwa gramu, kisha zidisha kwa namba ya Avogadro. Jibu ni atomu kama trilioni 145,000. Nimeona wanafunzi wakiikariri namba ya Avogadro kama namba ya kitambulisho, bila kujua inatumika kwa nini. Katika hesabu hii inajibu swali ambalo kila mama angeuliza: kitu kidogo namna hiyo kinawezaje kumdhuru mwanangu?

Uchumi unaingia kwa swali jingine. Kwa nini kiwanda kilijengwa pale, na kwa nini hakikuweka vichujio? Mwaka 1920 mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou alieleza kwamba mzalishaji huhesabu gharama anazozilipa mwenyewe, na huacha zile zinazoangukia watu wa pembeni. Bei ya tofali la risasi ina ndani yake bei ya betri kuukuu, mkaa, umeme na mishahara. Haina ndani yake darasa ambalo mtoto wa jirani atashindwa kulifuata. Pigou alipendekeza kodi ya kuirudisha gharama hiyo kwa anayeisababisha. Miaka 40 baadaye Ronald Coase alijibu kwamba kama haki ya kila upande iko wazi, na kama kupatana hakuna gharama, wahusika wanaweza kuelewana wenyewe bila kodi. Wanafunzi hupenda hoja ya Coase kwa sababu inaonekana safi. Wapeleke Owino Uhuru uone itakavyosimama. Wakazi 3,000, wengi wao wapangaji wasio na hati ya ardhi, wangekutana wapi na mwenye kiwanda, wakiwa na wakili gani, na kwa vipimo vya maabara gani ambavyo kila kimoja kina bei yake? Coase mwenyewe alijua kwamba kupatana kuna gharama, na sehemu kubwa ya makala yake ya mwaka 1960 inahusu hilo. Mwanafunzi atalielewa hilo vizuri zaidi akiisoma makala huku anajua maabara inatoza nini kupima sampuli moja ya damu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Marekani, na unapaswa kufundishwa wiki nzima bila haraka. Desemba 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo cha risasi katika petroli kinazuia injini kugonga. Pombe nayo ingeweza kufanya kazi hiyo, na watu wa fani walijua, lakini pombe haina mtu anayeimiliki kwa hataza. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda cha New Jersey walipokuwa wakitengeneza dawa hiyo ya petroli. Daktari Alice Hamilton alionya hadharani. Biashara ikaendelea kwa nusu karne. Clair Patterson, mwanakemia aliyekuwa amepima umri wa dunia, alikuta risasi imechafua kila kitu katika maabara yake, akaacha kutafuta umri wa mawe na kuanza kutafuta chanzo cha uchafu. Mwaka 1965 aliandika kwamba risasi iliyomo katika miili ya Wamarekani ilikuwa nyingi kupita kiasi cha asili, na kwamba imewekwa na binadamu.

Jambo halikumalizika kwa kemia peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Marekani ilifikiria kulegeza masharti ya risasi katika petroli. Ndani ya shirika la mazingira la nchi hiyo, kundi la wachumi na wataalamu wa afya wakakaa kuandika ripoti ya gharama na faida. Walikuwa na vipimo vya damu vya Wamarekani wa kila namna vilivyochukuliwa kati ya 1976 na 1980, vikionyesha risasi mwilini ikishuka kwa zaidi ya theluthi, bega kwa bega na kiasi cha risasi kilichouzwa ndani ya petroli. Wakahesabu gharama za matibabu, elimu ya ziada kwa watoto waliodhurika, na uharibifu wa injini zenyewe. Ripoti ilitoka mwaka 1985, na faida zilizidi gharama kwa mbali kiasi kwamba hapakuwa na pa kubishia. Kiwango kilichoruhusiwa kikashushwa kutoka gramu 1.1 kwa galoni hadi gramu 0.1 ilipofika Januari 1986, huku viwanda vya kusafishia mafuta vikiruhusiwa kuuziana haki za risasi ili walioweza kupunguza haraka wapunguze zaidi. Mabadiliko hayo makubwa yaliletwa na hati iliyoandikwa vizuri. Watoto walionufaika hawakuwahi kuisikia.

Afrika ilichelewa, kisha ikakimbia. Juni 2001 nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuiondoa risasi katika petroli, na ilipoingia Januari 2006 zilikuwa zimefanya hivyo. Kampeni ya dunia nzima iliongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka makao yake Gigiri, Nairobi, na kituo cha mwisho duniani kuuza petroli ya risasi kwa magari kiliacha nchini Algeria mwaka 2021. Mwanafunzi wetu anayejaza pikipiki mafuta leo ananufaika na kazi iliyofanywa karibu na nyumbani kwao, na nadhani ana haki ya kuijua.

Nimeuweka uandishi mwisho kwa sababu ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Wengi wanaona mwalimu wa uandishi ni mtu wa kusahihisha tahajia baada ya wenye sayansi kumaliza kufikiri. Mwaka 1977 Janet Emig alitoa hoja kwamba kuandika ni namna ya kujifunza, kwamba mtu hulijua jambo kwa kuliandika na wala hangoji alijue ndipo aliandike. Vuguvugu la kupeleka uandishi katika masomo yote, ambalo lilikuwa limeanza katika vyuo vidogo vya Marekani miaka hiyohiyo, lilijengwa juu ya imani kama hiyo. Kozi ya risasi inaionyesha hoja hiyo waziwazi.

Chukua sentensi ambayo kila mwanafunzi wa sayansi ameandika: risasi ilipatikana katika sampuli za udongo. Kwa mwalimu wa kemia sentensi hiyo ni safi, hata ni ya heshima, maana haimwingizi mtafiti katikati ya matokeo. Kwa mwalimu wa uchumi haisemi kitu. Iliwekwa na nani? Gharama bila mwenye kuisababisha haina wa kuilipa. Mwanafunzi analazimika kuiandika upya, na akijaribu kuandika kwamba kiwanda fulani kilitoa risasi iliyotua katika udongo huu, anagundua kwamba hana ushahidi wa kutosha. Atahitaji sampuli za upande ambako upepo hauendi, za barabarani yanakopita magari, za kina tofauti cha udongo. Sarufi imemrudisha maabara. Sijui zoezi jingine la mwaka wa kwanza linaloweza kumfikisha kijana hapo kwa saa moja.

Kisha apewe wasomaji. Matokeo yaleyale ayaandike mara tatu: ripoti ya maabara kwa mwalimu wa kemia, waraka wa kurasa mbili kwa mamlaka ya mazingira, na ukurasa mmoja wa Kiswahili utakaosomwa kwa sauti katika baraza la mtaa. Huo wa tatu ndio mgumu kuliko yote, na wanafunzi wengi watadhani ndio rahisi. Ni lazima umwambie mzazi anyweshe mtoto maji gani, apike wapi, aoshe mikono lini, apeleke damu ipimwe wapi, bila kumtisha kwa jambo asiloweza kulibadilisha na bila kumficha jambo analostahili kulijua. Mwanafunzi aliyezoea kujificha nyuma ya Kiingereza cha vitabu anajikuta hana pa kujificha. Kama haelewi jinsi risasi inavyofyonzwa, mama atakayeuliza swali la pili atamjua.

Hukumu za mahakama nazo ziwe vitabu vya kozi. Kesi ya Owino Uhuru ilifikishwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa, na Julai 2020 mahakama hiyo ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliuondoa uamuzi wa kiasi hicho mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikakirejesha. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kuidai haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Soma ibara hiyo mbele ya darasa la uchumi na utaona mjadala unavyowaka, maana hapo sheria imekataa kungoja hesabu yao.

Na hesabu ifanywe. Bilioni 1.3 ukizigawa kwa watu 3,000 ni takriban shilingi 433,000 kwa kila mmoja. Je, ni nyingi au ni kidogo? Tuseme mtoto aliyedhurika atapoteza, miaka 30 ijayo, kipato cha shilingi milioni moja. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 3, hasara hiyo leo inahesabiwa kuwa shilingi 412,000 hivi. Kwa asilimia 10 inakuwa shilingi 57,000. Mtoto ni yuleyule, hasara ni ileile. Kilichobadilika ni namba aliyoichagua mtu mwenye kalamu. Naona ni muhimu sana mwanafunzi alikute jambo hili akiwa bado mwaka wa kwanza, kabla hajazoea kuiona namba hiyo kama kitu kilichoshushwa kutoka mbinguni. Mwambie aandike aya moja kueleza kwa nini amechagua asilimia 3, au 10, na aiandike akijua mzazi wa mtoto huyo ataisoma.

Pingamizi zipo, na baadhi zina uzito. Wanakemia watasema mwanafunzi anayekwenda kuwa mwanakemia anahitaji msingi mpana, na hatuwezi kumfungia katika elementi moja. Ni kweli kwamba risasi haitafundisha kemia ya kaboni, na asiwepo anayedai hivyo. Sehemu hiyo isubiri muhula mwingine. Ila Jumuiya ya Kemia ya Marekani ilichapisha tangu mwaka 1994 kitabu cha vyuo kinachoanzia kwenye hewa tunayovuta na tabaka la ozoni, kikiingiza nadharia pale jambo linapoihitaji, na kitabu hicho kimetolewa upya mara nyingi. Kuanza na jambo halisi hakumaanishi kupunguza sayansi.

Wingi wa wanafunzi ni pingamizi zito zaidi. Darasa la mwaka wa kwanza lenye watu mia tano haliwezi kuandika mara tatu na kusahihishwa mara tatu. Ningeanza na kundi la wanafunzi thelathini au arobaini wa fani mchanganyiko, kwa hiari yao, saa zao za kemia, za uchumi na za stadi za mawasiliano zikihesabiwa kama kawaida ili mamlaka za kuthibitisha programu zisiwe na sababu ya kukataa. Kinachoziua kozi kama hizi mara nyingi ni hesabu ya saa za walimu. Walimu watatu wakikaa darasa moja, idara tatu zinagombania nani kafundisha, na anayekaa kumsikiliza mwenzake anahesabiwa hakufanya kazi. Mkuu wa taaluma anayetaka kozi hii iishi lazima aandike, kabla muhula haujaanza, kwamba saa zile zinahesabika kwa wote watatu. Kusikiliza ndiyo sehemu ya mafunzo ambayo mwanafunzi hawezi kuipata mahali pengine. Anamwona mtu mzima mwenye shahada ya uzamivu akiuliza swali la kawaida nje ya fani yake na kuandika jibu.

Kazi ya mwisho wa muhula isahihishwe na walimu wote watatu mezani pamoja, kwa alama moja. Watabishana. Mwanakemia atataka kipimo kingine cha kulinganisha, mchumi atauliza gharama ya vichujio imetoka wapi, na mwalimu wa uandishi atataka aya ya tatu iende mwanzo. Maoni yote mwanafunzi ayapate kwa maandishi, aandike tena.

Na isiwe kazi juu ya risasi, kwa sababu risasi walimu wanaijua tayari. Pikipiki za umeme zinaongezeka Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, na betri zake ni za lithiamu. Kemia yake ni nyingine: haziyeyushwi kwa mkaa nyuma ya nyumba, zikitobolewa zinaweza kushika moto, na thamani ya vilivyomo ndani hutegemea kama zina kobalti na nikeli au zina chuma na fosfeti. Zile za chuma na fosfeti zina mali kidogo ya kumvuta mnunuzi wa skrepa, kwa hiyo swali la nani atalipa kuzikusanya ni gumu kuliko lilivyokuwa kwa risasi. Wanafunzi wamuulize dereva wa bodaboda betri ikifa inakwenda wapi, waulize wanaomkodishia, wasome kanuni za taka za nchi yao, wapige hesabu, na waandike waraka kwa mamlaka ya mazingira wakipendekeza nani aanze kulipa, kiasi gani na kuanzia lini. Waraka huo usiishie kabatini kwa mwalimu. Upelekwe.